Tatu wa Ziba na Walinzi Wake wa Chini ya Mchanga

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Tatu Shomari amesimama nje ya mlango wa ghala la mbegu hapa Ziba, wilayani Igunga. Amevaa buti za mpira, mkononi ana fimbo ndefu. Haingii. Kwanza anagonga kizingiti mara tatu, kisha anainamisha kichwa na kusikiliza.

"Yule nyoka mwenye sumu, moma, hawezi kunyamaza ukimgongea," anasema kwa sauti ya chini. "Atajaa hewa, atafoka kama sufuria iliyochemka ikafunikwa. Wangu mimi hawana kelele. Ukigonga, wanazidi kuzama."

Ndani kimya. Anasukuma mlango, anawasha tochi, anachuchumaa.

Sakafu ya ghala hili si ya saruji wala si ya udongo ulioshindiliwa. Ni mchanga mtupu, ule mlaini mweupe ambao wenyeji wanauita luseni, na kina chake ni mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Juu yake zimesimama chaga za mbao, na juu ya chaga kuna magunia thelathini na nane ya karanga za mbegu. Jana jioni Tatu aliulainisha mchanga kwa ufagio, taratibu, kama anayetandika shuka la mgeni. Asubuhi hii shuka lina habari.

"Huyu katokea pale, chini ya chaga ya tatu," anaonyesha kwa fimbo. "Ona mchanga ulivyotutumka, kama mshipa wa mkono. Hapa akasimama, akazama akabakiza macho. Sasa huku ndiyo njia ya panya. Hatua moja, mbili, tatu, nne."

Ya tano haipo. Pana shimo dogo lililovurugika, na mchanga umeshajifunika.

Tatu anacheka peke yake, kisha anakumbuka leo ni leo, na kicheko kinakatika. Saa nne akina mama arobaini na wawili wa kikundi chenye ghala hili watakuja na ndoo na mabeseni kufungua magunia. Kama karanga zimeliwa kama zilivyoliwa mwaka jana, ghala litafungwa, kikundi kitavunjika, kazi yake itakwisha, na hawa walio chini ya miguu yake watafukuliwa na kuchomwa moto. Hayo yalisemwa mkutanoni mwezi wa sita, mbele ya watu, na yeye mwenyewe akaitikia.

Anayemtegemea si nyoka wa kutisha. Ni chatu mdogo wa mchangani. Urefu wake hauzidi mkono wa mtu mzima, unene wake ni kama mpini wa jembe, na mwili wake una rangi ya chungwa lililoiva na mabaka ya kahawia. Macho yake madogo yamekaa juu ya kichwa, mahali ambapo binadamu ana nywele. Mkia wake ni butu, umekatika ghafla, na mtu akimtazama kwa haraka hajui mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Ndiyo maana hapa Ziba anaitwa nyoka wa vichwa viwili, na kwa jina hilo ameuawa sana. Wapo wanaoamini ametumwa na mtu. Wengine, kwa mabaka yake na ufupi wake, wanamchukulia kuwa ni moma.

"Moma anaua, sikatai," anasema Tatu. "Mimi mwenyewe namkimbia. Ila huyu hana sumu. Ukimshika vibaya atakung'ata, utaumia kama umechomwa na mwiba wa mgunga, basi. Mimi simshiki. Ana kazi yake na mimi nina yangu."

Tatu ana miaka ishirini na sita. Ni mtoto wa Ipuli, Tabora mjini. Baba yake, mzee Shomari Awadhi, ni fundi wa milango, na babu wa babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba mizigo mabegani kutoka Tabora kwenda pwani na kurudi. Nyumbani kwao hadithi za njia zilikuwa chakula cha jioni.

"Tuliambiwa mpagazi hatandiki mkeka kabla ya kuupiga mchanga kwa fimbo," anasema. "Kwa hiyo hii fimbo sikuinunua wala sikufundishwa na mtu. Ni ya ukoo."

Alimaliza darasa la saba, na shule ikaishia hapo. Akaolewa na Fikiri, fundi mwashi mzaliwa wa Ziba, wakahamia huku. Fikiri huenda kujenga Nzega na Igunga mjini, mara nyingine miezi miwili mfululizo. Tatu hakuwa na shamba, na hilo likampatia kazi. Akina mama wa kikundi walikuwa wanatafuta mtunza ghala asiye na gunia lake ndani. Mtu asiye na karanga hana wa kumpendelea. Wakampa ufunguo na shilingi elfu sitini kwa mwezi, kuanzia mavuno hadi mvua za kwanza.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Tatu peke yake ndiye aliyekuwa anajua kitu, na alikuwa amenyamaza. Siku moja alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, ndani ya ghala, anashona gunia. Wakati ule sakafu ilikuwa mchanga wa asili tu, haijaguswa. Panya akapita ukutani. Mchanga ukafumuka kwa ubavu, panya akalia mara moja, na kitu kinene cha rangi ya chungwa kikamzonga mara mbili.

"Nilitaka kukimbia," anakumbuka. "Nikabaki pale na sindano yangu. Akambana mpaka akatulia, halafu akamvuta chini. Mchanga ukajifunga. Nikajiuliza, Tatu, umeota?"

Kesho yake aliketi tena juu ya debe. Na keshokutwa. Kwa muda wa miezi mitano aliketi juu ya debe lile alfajiri na jioni, na akamjua yule mnyama kama mtu anavyomjua jirani. Akajua kwamba mchana kutwa amezikwa, hana haraka. Akajua kwamba hamfukuzi panya, anamngoja. Akajua kwamba akishashiba anaweza kupotea wiki mbili bila alama, na kwamba hatagi mayai: mwezi wa kumi aliwaona watoto kumi na mmoja, kila mmoja kama kalamu ya risasi, wakitoka wazima na kila mmoja akitafuta mchanga wake.

"Sikumwambia mtu," anasema. "Ningemwambia nani? Wangeleta mafuta ya taa siku hiyohiyo."

Balaa lilikuja mwaka jana, na lilikuja kwa nia njema.

Wageni wa idara ya kilimo walitangaza kwamba watatembelea ghala. Recheli Masolwa, mwenyekiti wa kikundi, mama wa miaka hamsini na nane, hakutaka aibu. Kwa desturi ya huku, mahali pa kuweka mavuno husilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, pakakauka pakawa pagumu na safi. Ndiyo heshima ya chakula. Akina mama wakafika na ndoo zao, wakaimba, wakasiliba ghala zima kwa siku moja. Sakafu ikang'aa. Wageni wakasifu, wakapiga picha, wakaondoka.

Wiki mbili baadaye panya wakaingia.

"Walikuja kama wamealikwa," anasema Recheli, na hata sasa anatikisa kichwa. "Tukaweka sumu. Sumu ikaua kuku wangu saba na jogoo. Panya wakaongezeka. Tulipofungua magunia, kumi na tatu yalikuwa maganda matupu. Yaani unaingiza mkono unatoa makapi. Wenzangu walilia pale pale mlangoni. Nusu ya mashamba yetu hatukuyapanda."

Lawama zote zilimwangukia mtunza ghala. Wakasema analala. Wakasema mwanamke wa mjini anaogopa panya, anafunga mlango anakwenda zake. Na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mzee Zablon, ambaye mke wake alipoteza magunia mawili.

Tatu alirudi kwenye debe lake akafikiri. Panya wa mwaka juzi walikwenda wapi? Akatoka nje akazunguka ghala, na huko akaviona: vile vituta vyembamba vya mchanga, vinakuja mpaka kwenye kizingiti, vinagota, vinageuka. Vinakuja tena upande wa pili, vinagota.

"Walikuwa wanabisha hodi," anasema. "Tumewajengea sakafu ngumu, watazama wapi? Chatu wa mchangani bila mchanga ni kama samaki mezani. Tumewatoa wao, tukawakaribisha panya."

Mwezi wa sita mwaka huu, kikundi kilipokutana kuamua kama ghala liendelee au kila mtu abaki na mbegu zake chini ya kitanda, Tatu aliomba kusema. Watu waliokuwepo hawajausahau mkutano ule.

"Mwangaluka, akina mama. Shikamooni, wazee," alianza. "Naomba niivunje sakafu."

Akaeleza yote: debe, panya, vituta, watoto kumi na mmoja. Alipotaja nyoka wa vichwa viwili, mama mmoja alinyanyuka na kuhama benchi.

Mzee Zablon akacheka mpaka akavua kofia. "Jamani! Sisi tumezaliwa na nyoka, tumelala nao, tumewaua tangu tunachunga ndama. Leo anakuja mtoto wa Ipuli, nyoka kamwona kwenye kalenda, anatufundisha!"

"Nimemwona ghalani, baba, siyo kwenye kalenda."

"Na akimng'ata mtu?"

"Atalia kidogo, ataosha kidonda, atakwenda zahanati, na atarudi nyumbani."

"Na akiwa moma?"

"Ndiyo maana nagonga kabla sijaingia. Na hakuna mwingine atakayeingia kabla yangu."

"Haya, na karanga zikiliwa?"

Recheli ndiye aliyejibu badala yake, na maneno yake yalikuwa mazito. "Zikiliwa, mwanangu, tunafunga. Na hao wadudu wako tunawachoma. Unakubali?"

"Nakubali, mayu," Tatu akasema, kwa lile neno la mama alilolijifunza hapahapa Ziba.

Sakafu aliivunja mwenyewe kwa sururu. Hakuna aliyemsaidia, ingawa wengi walikuja kutazama. Mchanga aliuchota kwenye korongo, mwendo wa robo saa, karai kichwani. Alihesabu makarai mia moja na arobaini, kisha akaacha kuhesabu. Fikiri aliporudi kutoka Nzega alimkuta mke wake shingo imevimba.

"Nilimuuliza, hivi wewe umekuwa mpagazi?" anasema Fikiri. "Akanijibu, nimekuwa toka zamani, hukuuliza tu. Nikachukua karai la pili."

Fikiri pia ndiye aliyetoboa chini ya ukuta vijitundu vinne, vya upana wa mpini wa jembe. Wakangoja. Siku ya tisa, kituta cha kwanza kilipita kwenye kitundu kimojawapo, kikaingia.

Julai ilikwenda vizuri. Agosti vizuri. Tatu akawa anasoma mchanga kila asubuhi, akawatambua watatu: dume mmoja mwembamba na majike wawili, mmoja wao mnene sana. Panya waliendelea kuja, lakini walikuja mmoja mmoja, na hawakuwa wanarudi.

Kisha ikafika ile Ijumaa ya Septemba.

Akina mama walikuja kukagua magunia, na mzee Zablon akaja nyuma ya mke wake, jembe begani, akitoka shambani. Tatu aligonga, akaingia, akakagua, akawaita. Gunia moja liliposogezwa, yule jike mnene alikuwa chini yake. Kwa hofu alijikunja kama mpira, akaficha kichwa katikati ya mwili, akainua mkia na kuutikisa.

Zablon hakungoja. Mpini wa jembe ulishuka, pa!

"Nimempata kichwa!" akapiga kelele. "Tokeni! Tokeni nje!"

Kabla hajainua tena, Tatu alikuwa ameushika mpini kwa mikono miwili. Yule aliyewaamkia wazee mkutanoni kwa unyenyekevu sasa alikuwa anavutana jembe na mzee mwenyewe.

"Umempiga mkiani, baba."

"Mkia! Sijaona macho mimi?"

"Hukuona macho. Umeona ncha. Hebu tulia umwangalie, anakwenda upande gani?"

Watu wote wakamwangalia. Kichwa chenyewe kilichomoza polepole upande wa pili, kidogo, chenye macho juu, kikaingia mchangani kama sindano kwenye kitambaa. Mwili ukafuata. Mwishowe mkia, umechubuka, unavuja damu, ukazama nao. Hakumng'ata mtu. Hakufoka.

Mke wa Zablon ndiye aliyesema kwanza. "Miaka yote hii, mume wangu, unaua mikia!"

Kicheko kililipuka ghalani, na Zablon akatoka na jembe lake bila kuaga. Lakini Tatu hakucheka. Kuanzia siku ile kituta kinene hakikuonekana. Siku tano. Siku kumi. Panya wakaanza kuthubutu; asubuhi moja alikuta vinyesi juu ya chaga. Siku ya kumi na tano alisikia kitu kikitafuna, akakimbia na tochi, hakuona kitu.

"Sikuwa nakula vizuri," anasema. "Nilikuwa namuwaza yule aliyeumia, nawaza karanga, nawaza makarai. Nilimwambia Fikiri, kama amekufa mimi sitaona haya kumlilia."

Siku ya kumi na tisa, mchanga ulitutumka chini ya chaga ya tatu. Kituta kilikuwa kinene kama zamani, ila nyuma yake kulikuwa na mkwaruzo mdogo ambao haukuwepo awali, alama ya kovu mkiani. Tatu aliketi juu ya debe akaitazama ile alama kwa muda mrefu. Anasema hajawahi kusoma barua tamu kama ile.

Sasa ni saa nne, na ghala limejaa watu. Mawingu yamekusanyika upande wa tambarare ya Wembere, hewa ina harufu ya udongo. Tatu ameshagonga, ameshakagua. Magunia yanatolewa nje moja moja na kulazwa kwenye turubai. Mzee Zablon yupo, amesimama mbali, mikono mgongoni.

Recheli anakata uzi wa gunia la kwanza. Anaingiza mkono hadi kwenye bega, anautoa umejaa. Anavunja ganda, anaangalia punje, anaitia mdomoni na kutafuna. Anakata la pili.

La tano zima. La kumi zima. Akina mama wameanza kuhesabu kwa pamoja, kwa sauti. La ishirini. La ishirini na tano.

La ishirini na sita lina tundu pembeni.

Hesabu inakatika. Tatu anafumba macho. Recheli analiinamisha gunia lote juu ya turubai, karanga zinamwagika kwa kishindo, na wanawake wanapiga magoti kupekua. Wanatenga makapi upande mmoja. Yanakuwa kiganja. Yanakuwa viganja viwili. Yanaishia hapo: sahani moja ya maganda.

"Hii ni zile siku kumi na tisa," Tatu ananong'ona.

La thelathini. La thelathini na tano. Recheli anakata uzi wa gunia la thelathini na nane, na anapotoa konzi ya karanga haionji. Anainyanyua juu.

Vigelegele vinavyopasuka hapo vinawatoa watu dukani ng'ambo ya barabara. Mama aliyehama benchi mwezi wa sita ndiye wa kwanza kumkumbatia Tatu. Wanamvisha kitenge juu ya buti zake, wanamzungusha, na mtu mmoja anaimba jina la Ipuli na wengine wanaitikia.

"Nilimwita mzembe mbele ya watu," anasema Recheli, anapumua kwa nguvu baada ya kucheza. "Na mbele ya watu nasema leo: ghala halifungwi. Na mtu asilete kinyesi cha ng'ombe mle ndani, hata aje mgeni wa kutoka mbinguni."

Zablon anangoja kelele zipungue. Anasogea, anakohoa.

"Binti."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Anaangalia mawingu. "Nyumbani nina kihenge cha mtama. Panya wananimaliza. Sasa nilikuwa nasema... huwezi kunipatia mmoja? Hata yule mwembamba."

Wanawake wameshasikia. "Mpe mkia!" mmoja anapaza sauti, na mzee mwenyewe, hana la kufanya, anacheka.

"Hapewi mtu, baba," Tatu anamwambia. "Hata mimi sikupewa. Weka mchanga laini, acha tundu chini ya ukuta, na ukae kimya. Akipenda atakuja."

"Na jembe?"

"Jembe liache shambani."

Tatu ana mpango, na anausema bila kusitasita. Kabla ya mavuno yajayo anataka kupita vitongoji vyote vya Ziba na mbao mbili zilizochorwa: mmoja una moma, mwingine una chatu wa mchangani, ili mtu ajue yupi wa kumkimbia na yupi wa kumwacha. Mbao zinatengenezwa Ipuli. Baba yake ameshaanza kuzipiga randa. Shangazi yake aliyeolewa Urambo ametuma ujumbe kwamba na huko wana ghala la mahindi na shida ileile. Atakwenda, anasema, akaangalie kwanza mchanga wao ukoje. Kikundi nacho kimempa kitu ambacho hakukiomba: magunia mawili ya mbegu na kipande cha shamba kando ya ghala, apande cha kwake.

"Sasa na mimi nitakuwa na gunia mle ndani," anasema, na anacheka mpaka machozi. "Itabidi watafute mtu wa kunichunga."

Matone ya kwanza yanaanza kugonga bati. Akina mama wanajitwika ndoo zao na kukimbilia mashambani. Ghala limebaki tupu, chaga tupu, mchanga umekanyagwa na nyayo za watu zaidi ya arobaini. Tatu anachukua ufagio. Anaanzia kwenye kona ya mbali, anarudi nyuma polepole hadi mlangoni, anaacha shuka jeupe lisilo na alama hata moja.

Anakung'uta buti kizingitini. Kesho, saa kumi na mbili kasorobo, atakuja kusoma.